Nionyeshe siku nzuri pekee, au nizitaje na zile kumi na moja?

BARUA

Mshauri wetu, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 27, mzaliwa wa Kigoma, na ninasoma shahada ya uzamili katika mifumo pachikwa, yaani zile kompyuta ndogo zinazofichwa ndani ya vifaa kama mita za luku, mashine za hospitali na breki za magari, ambazo hufanya kazi moja tu usiku na mchana. Chuo kiko mbali na nyumbani na naomba nisikitaje.

Katika masomo yetu kuna semina ya utafiti ambamo kila mwanafunzi husimama mbele mara mbili. Mara ya kwanza huwasilisha kazi ya watafiti wengine, na mara ya pili huwasilisha utafiti wake mwenyewe. Dakika 20 ni za kueleza, 10 ni za maswali, na yote hufanyika kwa Kiingereza.

Mara ya kwanza nilipewa kisa cha Mars Pathfinder, chombo cha Marekani kilichotua kwenye sayari ya Mirihi Julai 4, 1997, ambacho baada ya siku chache kompyuta yake ilianza kujizima na kujiwasha yenyewe. Nilitengeneza slaidi 38. Nilizisoma neno kwa neno huku nimewapa watu mgongo, na muda ulipokwisha sikuwa nimefika hata nusu. Mhadhiri mmoja akaniuliza kwa upole, "Kwa hiyo tatizo lenyewe lilikuwa nini?" Jibu nilikuwa nalo, Mungu ni shahidi, lakini ulimi ulikataa. Nyuma yangu watu wawili watatu wakacheka. Nilikwenda kukaa kabla sijaruhusiwa.

Sasa imebaki wiki tatu nisimame tena. Utafiti wangu ni wa kifaa kinachopima joto na unyevu wa hewa juu ya vichanja vya kuanikia dagaa pale Kibirizi. Vichanja vyenyewe ni vya mama yangu, ambaye amenisomesha kwa dagaa hao hao. Kifaa kina maikrokontrola (ndiyo ile kompyuta ndogo yenyewe), betri ndogo, paneli ya sola na redio ya LoRa, inayotuma ujumbe mfupi mbali kwa umeme kidogo, na kila baada ya dakika 10 hutuma kipimo kwenye kipokezi nilichokiweka dukani kwa mjomba, hatua chache kutoka mwaloni. Nilikiacha kikifanya kazi siku 40, kuanzia Machi 20 hadi Aprili 28, nami nikarudi chuoni.

Nilipofungua kumbukumbu zake nilikuta siku 11 zimeharibika. Baadhi ya vipimo havipo kabisa, na vingine vipo lakini saa zake hazieleweki. Sababu naijua. Betri inapokuwa dhaifu, redio ikianza kutuma huvuta umeme mwingi kwa ghafla, volteji hushuka, na maikrokontrola hujiwasha upya. Saa ya ndani sikuiwekea betri yake, kwa hiyo kila mara ilianza kuhesabu upya kutoka sifuri. Kibaya zaidi ni kwamba mama aliniambia kwa simu mwezi wa nne, "Kile kitaa cha kifaa chako kinazimika mawingu yakitanda." Nilimjibu asiwe na wasiwasi.

Nilimpigia msimamizi wangu, ambaye ni mtu mwema lakini ana wanafunzi wengi. Aliniambia, "Hizo siku ziache, onyesha zile nzuri, muda ni mdogo." Simu ikakatika. Siku 29 zilizobaki zinatoa grafu nzuri sana. Kurudia kupima siwezi kwa sasa, kwa kuwa Ziwa Tanganyika limefungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wapumzike, na vichanja ni vitupu.

Mwanafunzi mwenzangu, kijana fasaha sana wa kusema, amejitolea tuwasilishe pamoja: yeye aeleze, mimi nishike kifaa. Anachoomba ni jina lake liwemo kwenye kazi hiyo. Moyo wangu umeelemea kukubali. Nikisimama peke yangu na kuonyesha siku 29 tu, nitaogopa swali moja litakalonifichua. Nikizitaja siku 11, watacheka tena, na safari hii watakuwa wananicheka mimi na kazi ya mikono yangu. Silali vizuri. Nifanye nini?

Binti wa Kibirizi

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole kwa usiku hizo zote. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mimi si mhandisi. Miaka yangu ya kazi niliimaliza nikifundisha takwimu vyuoni, nikikaa mara mbele ya darasa na mara kwenye meza ya watahini, kwa hiyo nitazungumza kutoka hapo nilipokaa.

Nikikuelewa sawasawa, una mambo mawili yanayokusumbua na umeyafunga katika kitita kimoja. La kwanza ni hofu ya kusimama mbele za watu, ambayo ina jeraha lake la ile mara ya kwanza. La pili ni shimo lililomo katika data zako. Kwa kuwa yote mawili yanakusubiri siku moja na katika chumba kimoja, yameanza kuonekana kama jambo moja, ndiyo maana msaada wa kijana fasaha unakuvutia: unadhani atayabeba yote mawili. Ninachokuomba ni tuyafungue.

Nianze na shimo, kwa sababu ndilo lililonishika.

Umeandika kana kwamba siku 11 zimepotea kwa bahati mbaya, kama vile mtu angechota siku zozote 11 kwenye kapu la siku 40. Lakini kifaa chako kinakula jua. Jua likikosekana betri inadhoofika, na betri ikidhoofika kifaa kinajiwasha upya. Machi na Aprili kwenu Kigoma ni masika. Basi nikuulize kitu ambacho barua yako haikukijibu: siku hizo zilikuwa siku za namna gani? Mama yako ameshatoa jibu lake, nawe ukamwambia asiwe na wasiwasi. Ikiwa alichokiona ni kweli, kifaa chako kilinyamaza hasa katika siku za mawingu na unyevu, yaani siku ambazo dagaa hugoma kukauka na mwanikaji huamua kama awageuze, awafunike au awauze wakiwa wabichi. Zile 29 nzuri zitakuwa nzuri kwa maana mbili, kwamba data zake ni safi na kwamba jua lilikuwepo. Grafu yake itapendeza, lakini itamweleza mama yako habari za vichanja vyake wakati wa jua tu, habari ambazo nadhani anazijua kukuzidi.

Katika fani yangu tunatenganisha data zilizopotea ovyo na data zilizopotea kwa sababu inayohusiana na kile kile kinachopimwa. Za kwanza ukiziacha unapungukiwa na wingi tu. Za pili ukiziacha kimyakimya wastani wote unaegemea upande mmoja. Sisemi kwamba zako ni za aina ya pili, kwa maana sijaziona. Nasema ni jambo unaloweza kulikagua jioni moja, kwa kuweka tarehe hizo 11 kando ya kumbukumbu za mvua za kituo cha hali ya hewa kilicho karibu, au hata kando ya kumbukumbu za mama yako na majirani zake wa mwaloni. Kagua pia kama baadhi yake ziliangukia kwenye mbalamwezi, wakati wavuvi wa taa wanapopumzika na vichanja vinapokaa vitupu. Kama ziko siku za namna hiyo, kwa upande wa ukaushaji hazikukupotezea kitu.

Kuna jambo jingine ulilolipitia haraka. Umesema saa ya kifaa ilianza kutoka sifuri kila kilipojiwasha. Je, kipokezi kilichokuwa dukani kwa mjomba hakikuandika saa ya kupokea kila ujumbe? Ikiwa kiliandika, na umeme wa dukani ulikuwepo, basi vile vipimo ambavyo vipo ila saa zake hazieleweki vinaweza kurudishiwa saa zake, maana kati ya kutuma na kupokea hapapiti muda wa kuharibu kipimo cha kila dakika 10. Vilivyokosekana kabisa hutavipata. Hata hivyo, huenda siku 11 zikapungua zikawa sita au saba, na utakuwa umeeleza ulivyozipunguza, ambayo yenyewe ni kazi ya utafiti.

Sasa tuje kwa msimamizi wako, na hapa nakuomba uende polepole. Unaamini amekuagiza ufiche. Mimi niliyasoma maneno yake nikaona yana njia mbili. "Hizo siku ziache" yaweza kuwa ni kuficha, na yaweza pia kuwa ni jambo ambalo watafiti hulifanya kila siku bila dhambi yoyote: kutozitumia siku fulani katika hesabu, kisha kuandika wazi kwamba hazikutumika na kwa nini. Je, ulimweleza kwamba kuzimika kunaweza kuwa kunafuata mawingu, au alisikia tu kwamba betri ilisumbua? Mtu mwenye wanafunzi wengi, aliyepigiwa simu ambayo imekatika, hujibu kile alichokisikia. Ningekuwa wewe ningemwandikia ujumbe mfupi wa mistari mitano, wenye idadi ya vipimo na tarehe na grafu moja, nikamalizia kwa kumwomba ushauri: "Profesa, naomba unielekeze namna ya kuzieleza siku hizi." Kwa njia hiyo hujamshtaki wala hujamkaidi. Akirudia kwamba zisitajwe hata kwa neno moja, hapo utakuwa na shida nyingine, ngumu zaidi, na niandikie tena tuizungumze peke yake. Lakini usianze kuibeba kabla haijafika.

Tuziangalie sasa njia zilizo mbele yako, maana ni zaidi ya mbili ulizozitaja.

Unaweza kuonyesha siku 29 na kunyamaza. Njia hiyo ni nyepesi kwa wiki tatu hizi, na yawezekana kabisa hakuna atakayeuliza. Uzito wake uko kwenye hesabu ndogo ambayo mtahini yeyote huifanya kichwani: vipimo sita kwa saa ni 144 kwa siku, na kwa siku 40 ni 5,760. Ukionyesha 4,176 swali linakuja lenyewe, na wewe umesema hilo ndilo swali unaloliogopa kuliko yote. Wasipokuuliza kwenye semina, tasnifu bado itasomwa na mtu wa nje mwenye kalamu mkononi na muda wa kutosha.

Unaweza pia kuzitaja kwa slaidi moja, dakika mbili, kisha ukaendelea na habari za vichanja. Hatari yake ni kwamba dakika 10 zote za maswali zinaweza kuishia hapo, na dagaa wasizungumzwe tena.

Au unaweza kuufanya uzimikaji wenyewe kuwa kiini cha mazungumzo: kwa nini kifaa kinachotegemea jua hunyamaza pale tunapokihitaji zaidi, na nini kifanyike. Njia hii inanivutia, sikufichi, lakini inanivutia mimi ambaye sitasimama pale. Inaweza kukutoa kwenye mada iliyoidhinishwa, na atakuwepo mtu atakayesema, "Si ungeweka betri kubwa tu?" Jibu la swali hilo inabidi uwe nalo: kapasita, yaani kijenzi kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi, ya kubeba ule mshtuko wa redio, kupunguza mara za kutuma betri inaposhuka, saa yenye betri yake, kuhifadhi vipimo ndani kabla ya kuvituma. Pengine ni kweli kwamba betri kubwa ingetosha. Pengine ingesogeza tu mbele siku ya kuzimika. Kipimo ndicho kitakachosema.

Kuahirisha hadi ziwa lifunguliwe hukukutaja, nami nakutajia ili uione kasoro yake. Utaratibu wa kulifunga ziwa kwa miezi mitatu ulianza 2024, na unajua vizuri kuliko mimi jinsi mwalo unavyokuwa baada ya Agosti 15. Lakini hapo ni kiangazi. Ukipima tena mwezi huo utapata siku za jua juu ya siku zako za jua, na zile za masika zitabaki hazijapimwa mpaka mvua zirudi. Huenda hilo lisikuzuie, ila lisije likakushtua.

Kuhusu mwenzako fasaha, sina sababu ya kumdhania mabaya. Watu wenye ulimi mwepesi husaidia kwa kile walicho nacho. Lakini kumbuka kwamba dakika 20 za kwanza ndizo anazoweza kukubebea, wakati zile 10 za maswali ni za mtu aliyeijua betri ilivyoshuka. Likija swali la volteji atakugeukia wewe, nawe utalazimika kusema mbele ya watu wale wale, tena ukiwa umesimama kando. Na jina kwenye kazi kwa kawaida hutolewa kwa aliyechangia kazi. Ukitaka kumtumia kwa namna nyingine, mwombe akae kiti cha nyuma wakati wa mazoezi, akukatize kila asipoelewa. Akikubali hilo bila kudai jina, utakuwa umemfahamu zaidi. Akikataa, vilevile.

Hofu ya kusimama nimeiacha nyuma makusudi. Unasema walikucheka. Wawili watatu walicheka, na sijui walicheka nini; katika madarasa yangu nimeona watu wakicheka kwa sababu zamu yao ilikuwa inafuata. Mhadhiri aliyeuliza "tatizo lenyewe lilikuwa nini?" hakucheka. Alikuwa anakufungulia mlango uachane na slaidi 38 na useme unachokijua. Slaidi 38 kwa dakika 20 ni nusu dakika kwa kila moja, mwanangu, na hakuna fundi wa maneno awezaye hilo. Kiingereza chako ninakitilia shaka kidogo sana. Nadhani ulishindwa na wingi.

Baada ya barua yako nilikisoma kisa cha Pathfinder, nikajaribu kumweleza mjukuu wangu bila slaidi. Nilimwambia hivi: nyumbani kuna ufunguo mmoja wa stoo. Mtoto mdogo ameuchukua. Baba ana haraka kuliko wote na anausubiri, lakini wale wa katikati wanamtuma mdogo huku na huku, naye kwa kuwa ni mdogo hawezi kuwakatalia, kwa hiyo hamalizi shughuli yake na ufunguo haurudi. Mlinzi wa nje anaona baba hajatoka kwa saa yake, anadhani nyumba ina msiba, anaamsha kila mtu waanze siku upya. Dawa yake ni kumpa mdogo cheo cha baba kwa muda ule tu anaoushika ufunguo, ili asiwepo wa kumtuma. Mjukuu alielewa, akauliza kwa nini ufunguo uwe mmoja, na sikuwa na jibu. Kule Mirihi, watu hao walikuwa ni kazi mbalimbali za kompyuta moja, na yule mdogo alikuwa ni ile ya kukusanya data za hali ya hewa. Ulipokuwa unasoma zile slaidi, sijui kama ulikwisha kuona jinsi kisa hicho kinavyofanana na chako.

Kisha angalia kilivyofika kwetu. Desemba 1997, miezi mitano baada ya chombo kutua, David Wilner wa Wind River, kampuni iliyotengeneza mfumo endeshi wa kompyuta ile, alikieleza hadharani mbele ya mkutano wa watafiti. Baadaye Glenn Reeves, aliyeongoza timu ya programu ya chombo hicho, aliandika maelezo yake mwenyewe, na ndani yake akakiri kwamba dalili waliwahi kuziona kwenye majaribio kabla ya kutua lakini hawakuweza kuzirudia. Hata wao walikuwa na kitaa kilichozimika, na wakaendelea na safari. Sikutajii haya ili nikusukume. Wao walikuwa na kazi zao mkononi na wewe una shahada ya kutetea. Natamani tu uone kwamba somo ulilopewa na chuo chako mara ya kwanza lilikuwa ni kosa lililoelezwa vizuri, na kwamba ndani ya semina yenu jambo hilo halihesabiwi kuwa aibu.

Kwa wiki hizi tatu, chochote utakachoamua kuonyesha, kieleze kwanza kwa mama yako kwa simu, kwa lugha mnayozungumza nyumbani, bila picha yoyote. Pale atakapokuuliza "kwa nini", andika swali lake. Maswali hayo ndiyo yatakayokuambia slaidi zako ni zipi, na nadhani hazitazidi kumi. Kiingereza kitakuja juu yake kikiwa na mahali pa kukaa. Na akikuuliza mtu jambo usilolijua, "hilo sijalipima, ila ningelipima hivi" ni jibu kamili. Mimi na watahini wenzangu tulimpa alama aliyelitoa.

Kabla ya yote hayo, mpigie umwambie kwamba kitaa kilikuwa kinazimika kweli. Mwombe akukumbushe ni siku zipi za Aprili alizofunika dagaa kwa maturubai, uziandike tarehe zake kando ya zile 11. Ukishazipata nitafurahi uniandikie ni ngapi zimelingana.